Ng'ombe Safi wa Mbugua

Ng'ombe wa tatu naye hakuwa na kupe hata mmoja. Nilikagua masikio, chini ya mkia, kando ya kiwele. Nikavua glavu, nikavaa nyingine, nikarudia. Hii ilikuwa boma ya nne hapa Elburgon tangu asubuhi, na vichupa vyangu vya sampuli vilikuwa bado vitupu.

"Nilikwambia, madam Samsam, hapa ni usafi tu," Mbugua alisema, akimpigapiga ng'ombe wake mgongoni. "Andika hiyo: ziro."

Kalamu ilikataa. Malisho yake yanagusana na msitu wa Mau, uliojaa kupe. Ziro ingetoka wapi? Na pale mlangoni mkewe, Wangeci, alikuwa ameketi juani na sweta mbili, akitetemeka.

"Unaumwa, mathe?"

"Ni taifodi. Siku ya nne. Nimemeza dawa za kemisti lakini kichwa bado kinanipasuka."

"Nani huwaosha ng'ombe?"

"Si ni mimi?" Alicheka kidogo. "Barua yenu ilikuja wiki mbili sasa. Nikasema, wageni hawataniaibisha. Dawa ya kupe ikaisha, nikawatoa kwa mkono kila jioni. Nawapasua na kucha, tap, tap. Wengine wamenona kama maharagwe!"

"Wangeci!" Mbugua alifoka.

Barua ya ofisi yetu ya mifugo, Nakuru. Niliiandika mimi, miezi mitatu tu baada ya kuhitimu, nikaisoma kwa sauti kwa furaha: tutakuja kutafuta kupe kwenye mifugo yenu. Na nani huku hupokea mgeni bila kufagia uwanja kwanza?

Nilimwomba anionyeshe miguu. Nyuma ya goti palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama palipozimiwa sigara.

"Twende zahanati sasa hivi. Hii inaweza kuwa homa ya kupe, na dawa yake si hiyo ya taifodi. Lakini daktari lazima aambiwe kwamba boma ina kupe."

"Habari itafika kwa watu wa dairy," Mbugua alisema. "Wakatae maziwa yangu."

"Jina lako halitatoka kwangu."

"Watu wa Nakuru husema hivyo."

Hata hivyo alikuja, akimshika mkewe kiwiko njia nzima.

Kule zahanati, daktari alipima malaria, hakuna. Akakitazama kile kidonda kwa muda mrefu. "Kuna kupe kwa boma?"

Nilifungua mdomo. Wangeci akanibana mkono, macho yake kwa mumewe. Nikaufunga tena.

"Wako," Mbugua alisema, akitazama sakafu. "Wengi. Tuliwaficha."

Daktari akampa Wangeci dawa nyingine, akamwambia arudi kesho kutwa, na usiku huohuo akiona damu popote mwilini.

Nilitoka nje mbio na orodha yangu. Boma zilikuwa bado kumi na mbili. Nikampigia Mzee Kigen, aliyefuata.

"Usijali, binti! Tumeanza kuwatoa jana. Utapata ng'ombe wanang'aa."

"Mzee, nakuomba, waacheni hapohapo walipo. Msiwapasue, damu yao inaweza kuleta homa."

"Eh! Wewe ni mgeni gani anapenda uchafu?"

"Wa namna hiyo, mzee. Kosa ni langu, nitakueleza. Naweni mikono na sabuni, nyote. Kuna mtu ana homa hapo?"

"Ngoja niulize," alisema, nikasikia akiita ndani ya nyumba.