Kokoto Zilizong'aa

Samaki wa kwanza alikutwa akielea saa moja asubuhi, tumbo juu, kama mwalimu wa zamu baada ya chakula cha mchana. Kufikia kengele ya pili walikuwa thelathini na wawili, na utani ulikuwa umekwisha midomoni.

Kiranja wa usafi, binti ambaye bweni zima lilimwita Kioo, alisimama kando ya tangi la samaki la shule huku ameficha mikono nyuma. Bado ilinuka dawa ya kung'arishia mashati. Jana yake mkuu wa shule alitangaza kwamba wageni wangekuja kuukagua mradi wa kufuga samaki na kukuza saladi kwa maji yaleyale, na katika shule ile ukaguzi ulikuwa na maana moja tu: kusugua. Wenzake walisugua madirisha. Yeye alikitazama kitalu cha saladi juu ya tangi, akaona kokoto zake zimevaa utelezi wa kahawia, akaona haya kwa niaba ya shule nzima. Alizitoa zote, akazilowesha katika dawa, akazipiga brashi mpaka zikameta kama meno ya mtoto. Akazirudisha, akawasha pampu ya kuzungusha maji kati ya tangi na kitalu, akaenda zake kifua mbele.

Mwalimu wa sayansi, aliyeitwa Bwana Samaki na akalipenda jina hilo, aliokota kokoto moja, akainusa. Alieleza kwa sauti ya msibani kwamba ule utelezi ulikuwa hai: vijidudu vilivyogeuza uchafu wa samaki kuwa chakula cha saladi, nazo saladi zikawarudishia samaki maji safi. Miezi minne alivilea. Aliyeviosha hakubakiza hata ukoo, na dawa yake imewamaliza samaki.

Mkuu wa shule hakuhangaika kupeleleza. Alimwita mbele Msumari, mvulana aliyewahi kuivisha kengele ya shule soksi, akamwambia akafungashe virago.

"Mimi na brashi wapi na wapi, mwalimu?" Msumari alisema polepole. "Waulize bwenini. Sijawahi kuosha hata sahani yangu."

Siku nyingine wangeangua kicheko. Siku hiyo hata Msumari mwenyewe hakucheka. Kioo alijua kwamba akinyamaza tu atabaki msafi machoni pa wote. Akaileta mikono yake mbele.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani ni uchafu."

Alivuliwa beji ya ukiranja mbele ya gwaride. Wageni walikuja, wakaonyeshwa madirisha.

Samaki watatu walionusurika waliwekwa kwenye beseni. Tangi na kitalu vilisuuzwa, maji mapya yakajazwa, na Bwana Samaki akamtuma Kioo shule ya jirani, yenye mradi kama wao, kuomba ndoo ya kokoto chafu. Alirudi ameipakata, sketi ina madoa, vidole vimeshika utelezi.

Msumari alikuwa akimsubiri bombani. Alifungua maji, akainama kama mhudumu wa hoteli kubwa.

"Karibu unawe, dada Kioo. Sabuni ninayo. Ni mpya, haijawahi kutumika."

Kioo aliitazama mikono yake. Akampita, akapiga magoti kando ya kitalu, akaanza kuzipanga zile kokoto moja moja, taratibu, kama anayelaza watoto wa watu. Nyuma yake bomba lilifungwa. Msumari akaja na beseni la samaki, akaliweka chini, akakunja mikono ya shati.

"Nianzie wapi?"