Chai Tamu Isiyo na Sukari

Salvina alijichoma insulini saa sita, akitegemea kula muda si mrefu. Wakwe walikuwa njiani kutoka Marangu kuja Kilema kumposa binti yake, Kornelia, na kwenye simu walisema wako karibu. Karibu ya mtu aliyekwama kwenye tope inaweza kula mchana mzima. Ndizi nyama ziliiva, lakini Salvina aligoma hata kuonja.

"Nile kabla ya wakwe? Watasema mkamwana wao katoka nyumba ya njaa."

"Mama, umeshajichoma."

"Nimejichoma tumbo, sijajichoma adabu."

Muda ukapita. Salvina akaanza kutoka jasho huku amekaa ndani penye ubaridi, mikono ikitetemeka. Akamwita Kornelia kwa jina la marehemu dada yake yeye Salvina.

"Sukari imeshuka!" alisema Eliona, kaka yake Kornelia. "Mpe chai, haraka!"

Kornelia alitumbukiza vidonge vya utamu kwenye kikombe, vingi kuliko kawaida. Yeye ndiye aliyefukuza sukari nyumbani tangu mama yao apimwe na kukutwa na kisukari. Eliona humtania kwamba vidonge hivyo vitamuotesha mama mkia, naye humjibu kuwa wataalamu wamevipima, ukivitumia kwa kiasi havina shida. Salvina alikunywa chai yote, meno yakigonga kikombe. Jasho likazidi. Macho yakaanza kulegea.

"Mwongezee kingine," Eliona alisema, utani umemkauka.

Kornelia alishika kopo la vidonge, akaganda. "Hivi si sukari, Eliona. Ni utamu mtupu. Hata nikimpa kopo zima, hakuna kitakachopanda."

"Soda za wageni?"

"Nilinunua zile zisizo na sukari. Kreti nzima."

"Dada, umetumaliza!"

Honi ikalia nje. Wakwe! Mzee Ndelilio, msemaji wao, alitangulia, nyuma yake shangazi kabeba kapu lililofungwa kitenge. "Hodi hapa! Sisi ni wageni, tuna neno letu..."

Binti anayeposwa hukaa ndani mpaka aitwe. Kornelia alitoka mbio, miguu mitupu, akalidaka kapu.

"Shikamoo, babu! Mna sukari humu?"

"Marahaba. Ipo, lakini binti, huo mzigo haufunguliwi kabla ya..."

Alishalifungua fundo kwa meno. Mfuko wa sukari ukapasuka, nusu ikamwagika mlangoni. Iliyobaki akaikoroga kwenye maji.

"Meza, Mama. Meza, Mama wee."

Salvina akameza kidogo, mengine yakamtiririka kidevuni. Akameza tena. Wakwe walisimama mlangoni, tope mpaka magotini.

Taratibu mikono ikatulia. Salvina akafumbua macho, akaona wageni, akajaribu kuinuka.

"Kaa, mama," alisema Ndelilio. "Kornelia, lete chakula."

"Wapakuliwe wageni kwanza..." Salvina alianza.

"Hatugusi kitu mpaka umalize."

Kornelia akapakua sahani moja tu, mbele ya ukoo mzima wa mchumba wake, akaiweka mapajani mwa mama. Salvina akala, machozi ya aibu yakimtoka, na kila alipotaka kuweka kijiko chini, Ndelilio alikohoa.