Midomo Yangu, Sauti ya Consolatha

Wimbo tuliurekodi studio ya Kabanga mwezi wa pili. Mwezi wa tatu dada yangu Consolatha, ambaye ndiye aliyeimba beti zote peke yake, aliugua homa siku nne akafa. Video ilikuwa bado.

Kwaya za kwetu ndivyo zinavyofanya: sauti kwanza, picha baadaye mvua zikikatika. Siku ya picha spika inapiga wimbo, ninyi mnacheza na kufungua midomo tu.

Mwezi wa sita Mwalimu Audax, anayefundisha kwaya yetu ya vijana hapa Mabawe, alikuja nyumbani. Nilimwamkia, nikampa kiti. Hakuzunguka.

"Yuster, mambo ni mawili. Usimame wewe mbele, ufuatishe sauti yake, maana mnafanana. Au turekodi upya, aimbe mwenzenu Josefina, ile ya Consolatha tuifute."

"Kabisa, Mwalimu?"

"Sasa tuifanyie nini?"

Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho. Sauti ya Consolatha haikubaki kwingine kokote, kwa hiyo nikasema nitasimama. Tangu mazishi sikuwa nimelia. Majirani walisema nina roho ngumu, nami niliwaacha waseme, kwa kuwa sikuhisi chochote, hata hasira ya kuwajibu.

Wiki mbili nilimsikiliza kwenye simu huku napura maharage. Nikajua kila anapovuta pumzi. Kwenye ubeti wa pili anaivuta mapema mno, kosa lililomchosha Mwalimu mazoezini. Hilo nalo nikalishika.

Siku ya video tulipanda kilima cha Kibimba na sare zetu za kitenge. Mpiga picha, kijana aitwaye Clever, alikuwa na haraka kama aliyeacha maziwa jikoni.

"Dada wa mbele, tabasamu! Hatuko msibani!"

Hakujua, na hakuna aliyemwambia. Nikatabasamu. Spika ikafunguliwa, Consolatha akaimba, nikafungua mdomo. Nilingoja kitu kinipate, hakikunipata. Nyasi ziliniwasha miguu, basi. Tukarudia mara saba.

Video ilipotoka ilisambaa kwenye simu mpaka mpakani. Sokoni Kabanga mama mmoja muuza dagaa alinishika mkono.

"Si ndiye wewe? Mwanangu, una sauti!"

Ningeweza kusema si yangu. Nikasema, "Asante, mama." Wiki hiyohiyo kwaya ya Kibimba ikatuma ujumbe: wanamtaka yule dada mwenye sauti akawaimbie sikukuu yao. Nilikuwa nimesimama pale kilimani ili Consolatha asifutwe, na sasa hakuna aliyekuwa akimtaja. Nililiwaza hilo nikifua nguo, kama mtu anayewaza mambo ya jirani.

Jioni mama, ambaye hakuwahi kuuliza habari za video ile, alinyoosha mkono.

"Hebu niwekee huo wimbo."

Nikamwekea. Uso wangu ukajaa kwenye kioo cha simu, midomo inacheza. Mama aliutazama kidogo. Kisha akailaza simu kifudifudi mkekani, akainama, akatega sikio.

"Wewe nenda kachote maji," akaniambia. "Niache na mwanangu."