Karai la Kwanza

Katika ukoo wetu, karai la kwanza la zege humwagwa na mtoto wa kwanza. Sijui nani alianzisha, ila najua aliyetuponza: kaka yangu Nathan, ambaye hata siku ya harusi yake bibi harusi alitangulia kanisani.

Tulikuwa tunamjengea mama nyumba kijijini Masaki, kwenye shamba lake la mikorosho. Tangu akatwe mguu kwa sababu ya kisukari alikuwa anaishi kwa Nathan, Maili Moja, na kila nikimpigia simu aliuliza jambo moja tu: sakafu inamwagwa lini? Alitaka kutembea na magongo yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila kumwomba mtu ampishe.

Siku ya zege, fundi Zubeir alifika alfajiri na vibarua wake. Nathan akasema kwenye simu yuko njiani. Jua likapanda, upepo mkavu ukaanza kurusha vumbi, kokoto zikawa za moto.

"Dada Laurensia, tuanze," Zubeir aliniambia. "Jua hili litatuharibia kazi."

Baba mdogo Silas, aliyekuwa amekaa juu ya tofali, akakataa. "Mtoto wa kwanza yupo hai. Mnamruka vipi?"

Nathan akatokea mchana na shati jeupe. Akamwaga karai lake, akapigwa picha, akaenda kunawa. Hapo ndipo mbio zilipoanza, maana zege lilikuwa linakauka kabla halijasawazishwa. Zubeir mwenyewe, kwa haraka, akalinyunyizia maji, akatupia saruji kavu juu na kusugua niru, ule uji wa saruji wa kulainisha sakafu, mpaka ikang'aa. Baba mdogo akapiga makofi. Wote tukaenda kula pilau, sakafu ikabaki inachomwa na jua, maana nyumba ilikuwa haijaezekwa.

Tulipomleta mama kuiona, nyufa zilikuwa zimeshatambaa chumba hadi chumba. Alipoingia, gongo lake likabandua ganda la juu, chini yake vumbi tupu, likateleza. Nilimdaka kwapani.

"Nirudisheni Maili Moja," alisema.

Nilikuwa na hasira ya kulia, na nililia.

Zubeir aliivunja sakafu ile bila ubishi. Safari ya pili sikumuuliza mtu. Nilimchukua mama siku moja kabla, tukalala kwa jirani yake Mwanaamina. Alfajiri, umande bado uko kwenye majani, nikamweka kwenye kiti mlangoni na Zubeir akamshikia karai mapajani. Mama akalisukuma kwa mikono miwili, zege likaanguka puu. Akacheka, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu atoke hospitali.

Jua lilipokolea, kazi ilikuwa imekwisha na sakafu imefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Nathan akafika mchana, shati jeupe lilelile.

"Nani amemwaga karai la kwanza?" aliuliza, uso umemshuka.

"Mimi," mama alisema. "Mimi ndiye niliyekuzaa, kwa hiyo nimekutangulia."

"Magunia yanakauka," mama akaendelea, akimsogezea Nathan ndoo kwa gongo lake. "Na yatataka maji wiki nzima. Hiyo kazi nimemwachia mtoto wa kwanza."

Nathan akakunja mikono ya shati, akaenda kisimani.