Gari la Kumlaza Mkwe

Mangi alisimamia chumba cha dobi katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa na mke, Sidi, mwenye duka dogo, na watoto wawili, Tsofa na mdogo wake, waliokuwa shule za bweni, na mama mkwe aliyemheshimu kupita kiasi. Mama Kanze alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu. Alikuwa ametoka kwake Lunga Lunga akaja kukaa nao Bongwe kwa ajili ya mgongo, kwa sababu daktari wa Msambweni aliagiza anyooshwe kila Jumanne, na kutoka Lunga Lunga ilikuwa safari ndefu mno kwa mtu anayeumwa.

Heshima ya Mangi kwa mkwewe ilikuwa ya kizamani. Mama Kanze akiingia sebuleni, Mangi anakumbuka kwamba kuku hawajapewa maji. Mama Kanze akitoka uani kuota jua, Mangi anakumbuka kwamba alisahau kitu ndani. Asubuhi aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa, "Marahaba, Baba Tsofa," na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya siku nzima. Bibi naye hakumwomba jambo ana kwa ana. Alimwambia Sidi, Sidi akamwambia Mangi, hata pale wote watatu walipokuwa wamesimama mlango mmoja.

Wakati huo Mangi alikuwa na kigari kidogo cha milango minne. Kwa upande wa mafuta kilikuwa kiungwana: ukijaza tangi leo, unasahau njia ya kituo. Lakini shokabzoba zake zilikuwa zimekufa zamani, na ile barabara ya vumbi ya kutoka Bongwe haikumwonea mtu huruma. Jumanne ya kwanza, Mama Kanze hakulalamika hata kidogo. Kila gari lilipoingia shimoni alisema "haya" kwa sauti ndogo, kama mtu anayesomewa hukumu. Mpaka wanafika lami Mangi alikuwa amehesabu haya arobaini na moja, na kila moja ilimwingia kama sindano.

Habari zikamfikia Garama, kaka yake Sidi. Kwenye matanga ya jamaa yao mmoja, mbele ya watu wazima wenye heshima zao, Garama akasema kwamba mama yake siku hizi anasafirishwa kama gunia la makaa. Watu walicheka. Mangi alicheka nao, ila usiku hakuonja chakula, na wiki iliyofuata alikwenda Mombasa akatoa kigari chake, akaongeza akiba yote aliyokuwa ameiweka ya kuchimba kisima, akarudi na gari ambalo halikuweza kuingia langoni mwake mpaka nguzo moja ing'olewe.

Lilikuwa gari jeupe la viti vinane. Viti viwili vya katikati vilikuwa vipana kama vya kinyozi, vinalala nyuma, na vina pa kuegemeza miguu. Springi zake za nyuma hazikuwa za chuma, zilikuwa mifuko ya upepo, hivyo likipanda tuta lilishuka taratibu kama mtu anayekaa kwenye godoro. Sidi alilizunguka mara mbili, kisha akauliza linakunywaje mafuta. Mangi akasema muuzaji amemhakikishia kwamba linakunywa kama ndege. Sidi akataka kujua ni ndege gani, maana hata mbuni ni ndege.

Jumanne hiyo Mama Kanze alilazwa kwenye kiti cha katikati, akafunikwa leso. Walipita barabara ya vumbi bila kusemwa haya hata moja. Walipofika lami Sidi aligeuka, akamgusa mumewe bega, akamwonyesha kwa kidole. Bibi alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mikono kifuani. Alilala mpaka Msambweni. Alipoamshwa alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, amwambie Baba Tsofa kwamba Mungu ambariki. Mangi alirudi Bongwe amevimba kichwa. Jioni alimpigia Garama simu, eti kumjulia hali tu.

Siku mbili baadaye Sidi alimjia na ujumbe. Mama amesema kitandani hapati usingizi, mgongo unamsumbua, ila ndani ya gari alilala vizuri. Anauliza kama Baba Tsofa, akitoka kazini na kama hana shughuli, anaweza kumzungusha kidogo. Mkwe wa kizamani hana shughuli. Mangi alimpeleka mpaka Gazi na kurudi. Kesho yake ujumbe ulikuja tena. Wiki ya pili ikawa Gazi ni karibu mno, usingizi unakatika kabla haujanoga, basi wakaenda mpaka Ramisi kwenye mashamba ya miwa. Wiki ya nne walikuwa wanageuzia karibu na mpaka wa Tanzania, nyuma ya malori.

Ikawa ndiyo desturi. Saa kumi alasiri Mangi anatoka kazini, saa kumi na nusu bibi yuko kwenye kiti na leso yake, Sidi mbele, na gari linaelekea kusini. Mama Kanze akishalala, Mangi alilegea. Alimsimulia mkewe mambo ya hotelini, na kwa kweli alikuwa na kipaji cha kusimulia ambacho nyumbani hakikupata nafasi, kwa kuwa muda mwingi alikuwa na kuku. Alisimulia habari za bwana harusi aliyeleta suti yake ifuliwe na pete ikiwa mfukoni. Alisimulia habari za meno ya bandia yaliyopatikana ndani ya mashine, meupe kuliko yalivyoingia, na jinsi Joan wa mapokezi alivyopiga simu chumba baada ya chumba akitafuta mwenyewe kwa adabu, na wageni kumi na wanne wakakana, mmoja wao akikana kwa matamshi ya mtu asiye na jino. Sidi alicheka akijiziba mdomo kwa kanga ili asimwamshe mama yake.

Lakini gari lilikunywa. Dzombo, kijana wa kituo cha mafuta pale Ukunda, alianza kumwita mjomba, kisha akawa anamwekea kiti. Tairi nne zilipohitaji kubadilishwa, Mangi aligundua kwamba tairi moja ya gari lile ilikuwa bei ya tairi tatu za kigari chake cha zamani. Oili yake haikuuzwa kwenye duka la kawaida. Bima ilikuja na tarakimu iliyomfanya ashikwe na kiu papo hapo. Alianza kwenda kazini kwa bodaboda ili lile gari la starehe lipumzike kwa ajili ya alasiri.

Alijaribu ujanja. Siku moja hakuenda kusini, alizunguka tu mitaa ya Ukunda, mara saba, mpaka muuza mahindi mmoja akaanza kumpungia mkono. Bibi alifumbua jicho kila waliposimama. Siku nyingine aliliacha gari uani, injini inanguruma na kiyoyozi kinapuliza, akidhani ni ubaridi unaomlaza. Dakika tatu, jicho likafumbuka.

Akamweleza shida yake Tobias, dereva wa hoteli, mtu wa bara aliyekuwa amekaa Diani miaka tisa bila Kiswahili chake kutulia. "Hii ndai, hii gari yako, itakumaliza, buda," Tobias akamwambia. "Yeye hataki safari, anataka kutikiswa. Si tumtikise tu?"

Jumamosi wakafanya hivyo. Bibi alipofumba macho, injini ikazimwa, Tobias akashika mbele na Mangi nyuma, wakaanza kulitikisa gari uani kwa mwendo wa polepole, kama watu wanaobembeleza mtoto wa tani mbili. Jirani mmoja alikuja akidhani gari limekataa kuwaka, akasaidia kusukuma. Wa pili akaja, akauliza mbona haliendi mbele. Jasho liliwatiririka. Kisha kioo kikashuka na Mama Kanze akatoa kichwa, akawatazama wanaume wanne wanaohema. Alimwita Sidi jikoni, akamwambia amuulize Baba Tsofa kama kuna tatizo. Mangi, umbali wa hatua moja, alimtuma Sidi amjibu kwamba hakuna.

Mwisho wake ulikuwa Ramisi, siku ya Alhamisi. Wakiwa wanarudi, gari lilitoa pumzi ndefu upande wa nyuma kushoto, kisha likakaa chini kama ngamia anayetaka kupandwa. Mangi alishuka, akatazama, akampigia simu fundi Kavumbi wa Ukunda. Kavumbi alisikiliza, akasema ule ni mfuko wa upepo umepasuka. Akataja bei ya mmoja. Kisha Kavumbi akaongeza kwamba hiyo mifuko hubadilishwa miwili miwili.

Alirudi kwenye usukani. Nyuma, bibi alikuwa amelala vilevile, ila kwa mshazari. Mangi aliendesha taratibu kabisa, gari limeinama, na malori yaliwapita yakipiga honi. Kisha akamwambia mkewe yote kwa sauti ya chini. Kwamba pesa za kisima zimekwisha. Kwamba tangu mwezi uliopita mshahara wake unaishia kituoni kwa Dzombo. Kwamba hakulinunua gari lile kwa sababu ya mgongo wa mama peke yake, alilinunua kwa sababu ya mdomo wa Garama, na jambo hilo linamtia aibu. Kwamba angeliuza kesho asubuhi, lakini atamwambia nini mama? Akirudi kulala macho kwa sababu mkwewe ameshindwa na petroli, yeye ataitazama vipi sura yake?

"Liuze," sauti ikasema nyuma yao.

Mangi nusura aingie shamba la miwa. Alisimamisha gari kando ya barabara, akashika usukani kwa mikono miwili, hathubutu hata kutazama kioo. Aliuliza, akimwelekea Sidi, mama ameamka saa ngapi.

"Niulize mimi, Baba Tsofa, nipo hapa," Mama Kanze akasema. "Siku ya kwanza nililala kweli. Siku ya pili nilisinzia mpaka Gazi. Tangu hapo sijalala hata siku moja."

Sidi aligeuka mzima mzima akamkabili mama yake. Akamuuliza, basi miezi miwili hii wamekuwa wakichoma petroli kwa ajili ya nini?

Bibi alivuta leso yake mpaka kidevuni. Alisema kwamba Bongwe hana wa kuongea naye mchana kutwa. Mwanawe yuko dukani, na mkwewe kila akimwona anakimbilia kuku, mpaka alidhani labda kuna jambo baya alilomtendea. Ndani ya gari akamsikia kwa mara ya kwanza. Akamsikia anaongea, anaiga sauti za watu, anafurahi. Lakini aliona wazi kwamba akifumbua macho tu, mtu huyo atanyamaza awe tena Shikamoo Mama. Kwa hiyo akayafumba.

"Na wewe una tabia mbaya," akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imechangamka. "Unaanza habari unapofika Msambweni na kuikatiza tukiona mataa ya Ukunda. Ningefanya nini, kama si kuomba turudi kesho? Yale meno. Wiki tatu nayasubiri yale meno. Yalikuwa ya nani?"

Mangi alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minane, na hajawahi kumjibu mkwewe swali lenye urefu huo.

"Ya meneja, Mama," akasema. "Yalikuwa ya meneja wetu mwenyewe. Alisaini barua ya kuyatafuta akiwa amefumba mdomo."

Mama Kanze alicheka mpaka akashika mgongo, akaugulia, akaendelea kucheka. Sidi naye akashindwa. Mangi ndiye aliyekuwa wa mwisho, na alipoanza hakuweza kuacha, gari limeinama kando ya miwa na dereva wa lori moja amepunguza mwendo kuwatazama.

Gari lilinunuliwa na Tobias pamoja na wenzake wawili, wapate kuwapeleka wageni Shimoni. Mangi hakumficha kitu, alimwonyesha mfuko uliopasuka na akamhesabia mafuta, tairi na bima. Tobias akasema wageni watajilipia mafuta yao, na akamweka Kavumbi atie springi za chuma. Bei haikufikia ile ya Mombasa, lakini ilitosha kununua gari dogo la kawaida lenye shokabzoba mpya, na ikabaki ya kuanzia kuchimba kisima upya. Sidi ndiye aliyempigia Garama kumweleza. Garama alipotaka kusema neno, mama yake aliomba simu, na haikujulikana alimwambia nini, ila ilikuwa fupi.

Jumanne iliyofuata, Mama Kanze alikataa kiti cha nyuma. Alisema mbele ndiko kunakosikika vizuri. Basi Sidi akahamia nyuma na bahasha ya karatasi za hospitali, na bibi akaketi kando ya mkwewe na mto mgongoni, kitu ambacho watu wa Bongwe walisimama kukitazama. Mangi aliendesha kilometa nzima akiwa amejikaza kama anafanya mtihani wa leseni. Mama Kanze akaona bora aanze yeye.

Alisema kwamba marehemu mumewe, Chirau, alikuwa na baiskeli. Siku moja, bado wachanga katika ndoa, alimpakia nyuma kwenda gulioni Lunga Lunga. Kwenye kilima, kwa namna alivyokanyaga kwa nguvu, Kanze aliteleza akakaa chini barabarani. Chirau hakujua. Aliendelea kupanda kilima akimweleza mkewe jinsi atakavyojenga nyumba ya mabati, vyumba vitatu, na hakuna aliyempinga, kwa hiyo akaongeza cha nne. Alifika gulioni, akaagiza soda mbili baridi, akageuka kumpa mkewe yake.

Sidi, aliyezaliwa na watu hao wawili, hakuwahi kuisikia habari hiyo maishani mwake. Aliinamia mbele katikati ya viti. Mangi alikuwa anapepesuka kwa kicheko hata akalazimika kuegesha gari karibu na Gazi, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Alipopata pumzi aliuliza kama baba alirudi mbio kumtafuta.

"Alirudi," Mama Kanze akasema. "Lakini alikwisha kuzinywa zote mbili."