Sufuria ya Bi Obdulia

Siku ya kumi na tisa bila umeme, Bi Obdulia alifunga mlango, akashuka ngazi tatu, na simu ikawa baridi mfukoni. Ndivyo ilivyofanya kazi ile programu ya kukumbusha: ukitoka umeacha kitu cha lazima, simu inapoa mpaka ukifuate. Akatazama orodha. Funguo anazo, miwani anayo, kitambulisho kipo. Cha mwisho kilikuwa umeme. Mumewe, Eleuterio, aliuongeza kwa utani kabla ya kimbunga kilichoukata, maana huku milimani Puerto Rico umeme hukatika hata mbwa akipiga chafya.

Sasa umeme ataufuata wapi? Simu ilizidi kupoa, hata baada ya chaji kuisha, hadi ikaota barafu.

Bi Obdulia alikuwa na shida moja tu duniani: insulini ya Eleuterio. Joto lilikuwa linaiharibu, barafu ya mjini iliisha kabla ya foleni, na chupa zilibaki mbili. Aliiweka simu ndani ya sufuria ya wali, akaizungushia taulo dawa isigande, akapanga chupa, akafunika. Jioni Eleuterio alidungwa sindano, akala maharage, akalalamika chumvi. Mkewe alikwenda jikoni akalia kwa furaha, kwa sababu mtu anayelalamika chumvi hafi leo.

Majirani wakaleta chupa zao, zimeandikwa majina kwenye plasta. Mmoja alileta samaki.

"Samaki kamkaange, shoga," aliambiwa. "Hapa ni dawa tu."

Mwezi wa nne bila umeme akapanda bwana mmoja wa shirika la umeme na ramani yake. Kijiji chao kilikuwa kimepakwa kijani, yaani umeme umesharudi, na saini chini ilikuwa yake. Bi Obdulia hakubishana. Alifunua sufuria, akamwambia aguse.

"Hata yangu, mama," alisema yule bwana, akatoa simu yenye programu ile ile, imevikwa soksi mbili za sufu. "Iko hivi tangu nitie saini. Paja lote limekufa ganzi."

"Basi niachie."

Aliiacha kwa moyo mkunjufu, akanywa kahawa, akashuka mlima akipiga mluzi. Kijiji ni cha kijani mpaka leo, na umeme bado. Lakini Bi Obdulia sasa ana sufuria mbili, dawa za watu ziko salama, na samaki wanapokelewa.