Mgongo wa Saa ya Gasto

"Kitendawili! Nyumba ya chuma haina mlango, ndani mtu anatembea usiku na mchana."

Nilimtegea hicho shemeji yangu Chrispin ndani ya basi, tulipokuwa tumesimama kituo cha Mkiwa. Abiria wananunua vitunguu dirishani, yeye anaangalia mbele tu.

"Shemeji, sema 'tega' basi."

"Leo sichezi."

"Haya, nipe mji."

"Chukua Mkiwa yote," akasema, na hakucheka.

Jibu lilikuwa kwenye mkoba wangu, limefungwa kwa leso: saa ya mume wangu Gasto, aliyetutoka mwezi wa nne. Ni saa ya Uswisi, ya wakubwa, zile ambazo siku hizi watu wanazitafuta kwa tochi. Mhandisi mmoja wa reli, alipokuwa anahama Itigi mwaka sitini na sita, alimpa Gasto. Baada ya miaka kumi na miwili akarudi kututembelea, akampa Chrispin, mdogo wake Gasto, ya aina ileile. Ile ya Chrispin ilikuja kumchomoka mkononi, ikadondoka nje ya dirisha la treni.

Sasa siku ya kumaliza msiba, Chrispin aliishika saa ya kaka yake, akaigeuza. Mgongoni akaona herufi C, aliyoikwaruza mwenyewe kwa msumari.

"Hii ni yangu," akasema mbele ya watu. "Kaka alinibadilishia. Alichukua mpya, akaniachia kuukuu, na hiyo kuukuu ndiyo iliyopotea."

Saa ningempa siku hiyohiyo. Lakini mimi nilikaa na Gasto miaka hamsini na minne. Je, nililala na mwizi? Hilo ndilo lililonipandisha basi.

Mjini tulikokuwa tunakwenda, mtaa wa Utemini, yupo fundi wa saa anaitwa Hana, mwanamke wa makamo, kibanda chake hakizidi kabati.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamfungulia leso. Hata kioo cha saa hakukiangalia. Alipitisha ukucha pembeni, kwenye zile pembe nne zinazoshika mkanda, taratibu kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto.

"Bibi, haya tunaita masikio. Umeona yametobolewa mpaka nje? Aina hii, za zamani zilikuwa hivi, pini ya mkanda unaisukuma kwa nje. Zilizokuja baadaye tundu halitokezi."

"Umejuaje?"

Akavuta rundo la kalenda kuukuu. Nyuma ya kila karatasi amechora kwa penseli kila saa ya aina hiyo iliyopita mkononi mwake: masikio, pete ya kioo, kifungo cha kujazia ufunguo. Miaka ishirini ya kuchora! Mimi niliishia darasa la saba, ila nilizielewa zile picha kama ninavyoelewa nyuso za wajukuu zangu. Za zamani masikio membamba, za baadaye yamenenepa.

"Bodi hii, huu mwili wenyewe, ni ya miaka ya sitini," akasema.

"Ya Gasto!" nikaruka.

"Na C yangu je?" Chrispin akauliza.

Hana akaubandua mfuniko wa mgongoni kwa kisu kidogo, akalinganisha ndani yake na mchoro mwingine.

"Mifuniko ya sitini chapa yake ni ya duara. Huu una mistari iliyonyooka, wa sabini na kitu. Mgongo huu si wa mwili huu, wazee wangu."

Kisha akachokoa ukingoni kwa sindano. Kikatoka kipande cha kahawia, akakinusa.

"Saa hii iliingiaje kwenye nta ya nyuki?"

Chrispin akakitazama kile kipande. Halafu akashika kichwa.

"Ndoo! Shemeji, ile ndoo!"

Akasimulia: siku moja yeye na Gasto walikuwa wamekwenda kurina asali vichakani Itigi, saa zote mbili wakazivua zisikwaruzwe na miiba, wakaziweka kwenye ndoo. Wakasahau. Wakamimina masega juu yake. Nyumbani Gasto alizifungua zote mbili, mifuniko ikaoshwa kwenye bakuli moja la maji ya moto.

"Na nani alizifunga tena?" nikauliza.

Akaupapasa ule mfuniko kwa kidole.

"Mimi," akasema. "Kaka alikuwa anachuja asali."

"Miaka yote hukuona?"

"Mgongo wa saa unakaa kwenye ngozi, shemeji. Nani anautazama?"

Hana akauliza kama atutafutie mfuniko wa enzi za bodi yake, ili saa iwe kamili. Chrispin akakataa kwa mkono. Aliichukua saa, akanivalisha. Ikateremka mpaka karibu na kiwiko, nikacheka.

"Kitendawili," akasema, macho yamelowa.

"Tega."

"Tumbo la kaka, mgongo wangu."

Jibu nilikuwa nalo mkononi, ila aliponiomba mji, nilimpa Itigi.